Jua Lipo Kila Mahali, Ulizia Upepo

Mdogo wangu anayeishi Nairobi aliwahi kuwapeleka wanawe Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Walifika usiku, wakalala huku wakisikia mvumo wa mawimbi kwa mbali. Asubuhi, saa nne hivi, wamekwisha kunywa chai na watoto wameshika ndoo zao, wakatoka ufukweni na bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga, vidimbwi vya maji ya kufika kifundo cha mguu, safu za vijiti ambavyo akina mama hufungia kamba za mwani, na mbali sana mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika juu ya mwamba. Binti yake wa miaka 6 akauliza, "Baba, nani amechukua maji?"

Alinipigia simu akiwa amesimama pale pale. Alikuwa amelipia siku 4, na siku zote 4 ule muda ambao watoto walitaka kuoga ndio muda ambao maji yalikuwa nje. Hakuna aliyemdanganya. Picha alizoziona mtandaoni zilikuwa za kweli, ila zilipigwa jioni maji yamejaa. Mwaka mwingine, au wiki nyingine tu ya mwaka ule ule, angefurahi.

Ndiyo maana dada yetu wa Muscat alipoandika kwenye kundi la familia, "Kaka, Agosti hii tukutane sote. Pwani, penye jua, nje ya nchi zetu zote tatu. Tafuta wewe," sikutaka kujibu kwa haraka. Dada ana watoto wa shule, mdogo wangu ana watoto wa shule, na likizo zao zinakutana Agosti. Mimi niko Dar es Salaam na wangu wamekwisha kukua, kwa hiyo mwezi haukuwa wa kujadili. Kilichobaki ni mahali. Nikagundua kwamba maarifa niliyoyahitaji nilikulia nayo Tanga, kwenye midomo ya wavuvi, bila kufikiria kwamba siku moja yangenisaidia kupanga mapumziko.

Watu wengi huanza na jina. Mtu amesikia Maldives, au Zanzibar, au Phuket, amevutiwa, ndipo anauliza, "Hali ya hewa ikoje?" Anajibiwa nyuzijoto 30, anaridhika, analipa. Tatizo ni kwamba katika nchi zilizo karibu na ikweta nyuzijoto hazielezi kitu. Zanzibar mwezi Aprili ni joto na Zanzibar mwezi Septemba ni joto, lakini Aprili unaweza kukaa siku tatu dirishani ukitazama mvua, na Septemba ukakaa wiki nzima usione wingu la maana. Jua lipo kila mahali. Kinachobadilika ni upepo, na upepo ndio unaoamua mvua inyeshe wapi, bahari ichafuke upande gani, maji yawe masafi au yajae majani ya bahari, na hata mtoto wako arudi hai au asirudi. Nitakuja kwenye hilo la mwisho.

Lugha yetu inalijua jambo hili zamani. Neno msimu limetokana na Kiarabu, mawsim, na mabaharia walilitumia kwa majira ya pepo za kusafiria. Majahazi kutoka Omani, Ghuba na Uhindi yalishuka kwa kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakileta tende, chumvi na vyombo, yakangoja hapa, kisha yakapanda kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko na karafuu. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vifupi vya maleleji, upepo usiojua unakokwenda, ambapo bahari hutulia. Nahodha aliyekosea mwezi alikaa bandarini nusu mwaka. Msafiri wa leo ana ndege, kwa hiyo hakwami, lakini upepo haujabadili ratiba yake kwa sababu ya ndege.

Hebu tuufuate huo upepo wa kusi, kwa sababu ndio uliotawala Agosti yetu.

Kuanzia Aprili, nchi kavu ya Asia huanza kupata joto kali. Hewa ya juu yake hupanda, na hewa nyingine huvutwa kutoka kusini ya mbali ya Bahari ya Hindi kujaza nafasi. Hewa hiyo hupita Mauritius, hupita kaskazini ya Madagaska, hutufikia sisi ikitoka kusini-mashariki, na hapo tunaiita kusi. Haiishii hapo. Inavuka ikweta, na kwa kuwa dunia inazunguka, inapindia kulia, inapita pwani ya Somalia kwa nguvu kubwa sana, na kuingia Omani na Uhindi ikiwa sasa inatoka kusini-magharibi. Kule inabeba mvua. Kerala, kusini ya Uhindi, huanza kuipokea kama tarehe 1 Juni. Watu wa Maldives wanaiita hulhangu. Watu wa Salalah, kusini ya Omani, wanaiita kharifu. Ni upepo mmoja.

Ukishalielewa hilo, ramani yote ya Bahari ya Hindi inasomeka kwa mkupuo. Ule upepo unaoikausha Zanzibar mwezi Agosti ndio unaoilowesha Goa siku hiyo hiyo. Na kuanzia Desemba mambo hugeuka: Asia imepoa, kaskazi inavuma, Maldives na Goa zinakauka, na mvua zinakwenda kusini ya ikweta. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Maldives ni nzuri," muulize alikwenda mwezi gani.

Basi nikaanza kupitia majina yaliyotajwa kwenye kundi.

Maldives alilitaja shemeji, mume wa dada, na kwa sababu nzuri: raia wa karibu nchi zote hupewa viza ya siku 30 wanapowasili, bila malipo. Lakini Agosti ni katikati ya hulhangu. Si kwamba mvua hunyesha kila siku. Unaweza kupata siku za jua zikafuatana. Lakini unalipa pesa nyingi kununua bahati nasibu. Kisha kuna jambo ambalo watu hulijua wakiwa wamekwisha kulipa. Hoteli nyingi za kule ziko kila moja kwenye kisiwa chake, na kufika huko ni kwa boti ya kasi au ndege ya kutua majini, ambayo inaweza kugharimu mamia ya dola kwa kila mtu. Ndege hizo hurukia mchana tu. Ukitua Malé usiku, unalala mjini kwa gharama nyingine hadi kuche. Kwa anayekwenda Februari au Machi, miezi mikavu kabisa ya kule, na akachagua nyumba ya wageni kwenye kisiwa cha wenyeji kama Maafushi badala ya hoteli ya kisiwa kizima, Maldives inaweza kumfaa hata mtu wa kipato cha kawaida. Ajue tu kwamba visiwa vya wenyeji ni vya Kiislamu, pombe hakuna, na nguo za kuogelea zina ufukwe wake uliotengwa. Familia yetu hilo lisingeisumbua hata kidogo. Mvua ndiyo iliyoiondoa.

Thailand aliitaja mke wa mdogo wangu. Thailand ni mfano mzuri kuliko yote wa makosa ya kuuliza "nchi" badala ya "upande". Phuket na Krabi ziko pwani ya magharibi, zinakabili upepo wa kusini-magharibi uso kwa uso, na zinanyeshewa kuanzia Mei hadi Oktoba. Kisiwa cha Ko Samui kiko pwani ya mashariki, mgongoni mwa nchi, na Agosti huwa kikavu kwa kiasi kikubwa. Chenyewe hupata mafuriko yake Oktoba hadi Desemba. Nchi moja, ndege ya saa moja kati yake, na misimu miwili iliyopishana. Tungekwenda Samui kama nauli za watu 11 zingeruhusu. Hazikuruhusu.

Salalah, ingawa iko Omani na inavunja sharti la dada mwenyewe, ilikuja yenyewe, kwa sababu dada anaipenda kama alivyopenda nyumba ya bibi. Na mimi nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hakuna mahali panapofundisha somo hili kuliko Salalah. Muscat mwezi Agosti ni tanuri, nyuzijoto 40 na zaidi. Ukisafiri kama kilomita 1,000 kwenda kusini-magharibi, milima ya Dhofar imefunikwa na ukungu, nyasi zimeota hadi barabarani, maji yanateremka Wadi Darbat, na joto ni kama 25. Huo ni msimu wa kharifu, wanaouhesabu kuanzia Juni 21 hadi Septemba 21, na Waarabu wa Ghuba nzima humiminika kule kuloweshwa na manyunyu. Pembeni mwa barabara kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Dada anasema akifumba macho na kunusa, yuko Pongwe. Na Kiswahili utakisikia, kwa kuwa familia nyingi za Omani zina mizizi Unguja na Pemba.

Lakini ukungu ule unatoka wapi? Kusi ile ile, ikipita kwa nguvu sambamba na pwani ya Somalia na Omani, huyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji baridi hugeuka ukungu. Samaki wanapenda, milima inapenda, lakini bahari yenyewe wakati huo ni ya kutazama tu. Mawimbi ya Mughsail, ufukwe wa karibu na Salalah, yamewahi kubeba watu waliosimama juu ya miamba wakipiga picha. Kwa hiyo Salalah ya Agosti ni mapumziko mazuri mno, ila si mapumziko ya kuoga baharini. Dada alikubali kwa shingo upande.

Dubai iliulizwa ikajibiwa kwa sentensi moja: mwezi Agosti maji ya bahari ya kule yana joto kama ya kuoga ya ndoo, na ufukweni mchana hakukaliki, nenda kati ya Novemba na Machi.

Mauritius ilinishika zaidi. Agosti ni kavu, watu wake ni wakarimu, na barabara ni nzuri. Ila iko nyuzi 20 kusini ya ikweta, na Agosti ni kipupwe chake. Maji hushuka hadi kama nyuzijoto 23, ambayo Mjerumani anaona ni supu na mtoto wa Muscat anatoka midomo ikitetemeka. Tena kusi inapiga upande wa mashariki, Belle Mare na jirani zake, kwa hiyo anayekwenda miezi hiyo hutafuta magharibi, Flic en Flac, au kaskazini, Grand Baie. Ningependa kwenda Mauritius Oktoba au Novemba, upepo umelegea, maji yameanza kupata joto, na vimbunga bado ni nadra.

Vimbunga navyo havina budi kutajwa, kwa anayepanga kusafiri mwisho wa mwaka. Upande wa kusini wa Bahari ya Hindi msimu wake ni Novemba hadi Aprili, na kilele ni Januari hadi Machi. Mauritius, Réunion, Madagaska, Msumbiji na Komoro ziko njiani. Januari 2024 kimbunga Belal kiliifurikisha Port Louis hadi magari yakaelea barabarani. Karibu sana na ikweta, ndani ya kama nyuzi 5, vimbunga huwa haviumbiki, kwa sababu ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayovipa msokoto ni dhaifu pale. Ndiyo sababu Kenya na visiwa vikuu vya Shelisheli hukaa salama, na Zanzibar kwa kawaida nayo. Nasema kwa kawaida. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu karibu yote, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Ni nadra, lakini wazee wa Unguja hawakulisahau lile la kwanza, na sisi hatupaswi kulisahau la pili. Ndugu mlioko Marekani na Kanada, kwenu msimu wa vimbunga vya Karibiani ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni mwanzoni mwa Septemba. Bei zikiwa chini sana wakati huo, sababu ndiyo hiyo. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini mno na mara nyingi hupona.

Na mlioko Ulaya, neno moja tu: bahari huchelewa. Jua huwa juu kabisa Juni, lakini maji ya Mediterania hufikia joto lake Agosti na hubaki nalo Septemba yote. Anayekwenda Hispania au Ugiriki mwanzoni mwa Juni kwa kuwa "jua limekolea" huingia majini akatoka mbio. Septemba watoto wa Ulaya wamerudi shule, bei zimeshuka, maji ni vuguvugu, na katika visiwa vya Ugiriki ule upepo mkali wa kaskazini unaovuma Julai na Agosti umeanza kupoa. Kama huna mtoto wa shule, sielewi kwa nini uende mwezi mwingine.

Zanzibar tuliiacha kwa sababu mimi niko Tanzania, na sharti la dada lilikuwa nje ya nchi zote tatu. Lakini kwa Mkenya, Mganda au Mrwanda ni nje, na wengi wanaisoma makala haya kwa ajili yake, basi nirudi kwenye lile swali la mtoto: nani amechukua maji?

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Zanzibar tofauti yake inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Na hapa kuna jambo ambalo kila mama anayekwenda kuchokoa pweza analijua bila saa: katika pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume. Saa nne asubuhi maji yapo, hata kama hayakupanda sana. Mdogo wangu alifika Paje siku mbili baada ya mwezi kuandama. Angechelewa wiki moja angeoga asubuhi.

Upande nao una neno. Mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na ufukwe, na kati yake ni maji haba yanayokauka. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu, unaoga saa yoyote. Hii haimaanishi mashariki ni pabaya. Maji yakipwa Jambiani unaweza kutembea hadi karibu na mwamba ukaona viumbe ambavyo aliyelala Nungwi hatawahi kuviona, na wanaocheza na tiara za kuvutwa na upepo hawataki Nungwi hata kidogo. Wanaitaka Paje ya kusi, Juni hadi Septemba, au ya kaskazi, Januari na Februari. Ila mwenye watoto wadogo wanaotaka kuoga tu, mpeleke kaskazini, au umpangie siku kwa kuhesabu mwezi. Kwa Mtanzania anayevuka kwenda Kenya hesabu ni ile ile, pamoja na moja zaidi: wakati wa kaskazi matope ya mto Sabaki husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi na maji hugeuka rangi ya chai, wakati Watamu, mbele kidogo, mara nyingi huwa maangavu.

Kuhusu miezi ya pwani yetu kwa jumla, nitasema nionavyo mimi. Watu hugombania Desemba na Agosti kwa sababu ya shule na sikukuu, na hoteli zinalijua hilo. Likizo ya Aprili ya shule za Kenya inaangukia masika barabara, na hoteli kadhaa Zanzibar hufunga kabisa Aprili na Mei kukarabati mapaa. Kipindi ninachokipenda ni Septemba hadi katikati ya Oktoba, kusi inapochoka, wageni wa Ulaya wamepungua na vuli haijafika. Februari nayo ni nzuri, ina joto kali lakini bahari ya Nungwi huwa safi. Tazama pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: mchana migahawa mingi ya mjini Unguja hufungwa, na mgeni anayekula barabarani anawaudhi wenyeji. Wengine huipenda Zanzibar ya Ramadhani kuliko zote, kwa sababu ya futari na usiku wa Forodhani.

Kalenda hii ina siku zake za kuvunjika. Mwishoni mwa 2019, na tena mwishoni mwa 2023, vuli iligeuka mafuriko Kenya na Tanzania, kwa kuwa upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kupita kiasi. Kabla ya kulipia safari ya Novemba, soma utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, idara ya hali ya hewa ya Kenya, au kituo cha kikanda cha ICPAC kilichoko Kenya. Hutolewa wiki kadhaa kabla ya vuli kuanza, bure, na mkulima anaufuata kwa makini kuliko msafiri mwenye dola zake mkononi.

Makaratasi nayapitia upesi. Shelisheli haidai viza kwa raia wa nchi nyingi, lakini lazima uombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kuondoka, na kina ada. Maldives inataka fomu ijazwe mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, imeweka bima ya lazima kwa wageni wa kigeni, dola 44. Hakikisha raia wa nchi yako anatozwa kiasi gani. Na sisi wa Afrika Mashariki tusisahau kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Nimeona familia ikirudishwa kutoka kaunta ya uwanja wa ndege, masanduku yamepimwa, kwa kadi moja iliyosahaulika kabatini.

Tulibaki na Shelisheli. Ni ghali, nisimfiche mtu. Tulipanga nyumba yenye jiko, tukapika wali na samaki wetu. Agosti kule ni majira makavu zaidi, joto ni la kuvumilika, na upepo ni ule ule wa kusini-mashariki. Swali likawa upande. Kisiwa kikuu, Mahé, kina milima katikati, na mrefu wao, Morne Seychellois, unapita mita 900. Milima hiyo ni ukuta. Wavuvi wa Tanga wangesema kuna upande wa joshini, unaopokea upepo, na upande wa demani, uliokingwa. Beau Vallon iko kaskazini-magharibi, demani kabisa kwa kusi. Ungekuwa Januari ningeikwepa, kwa sababu miezi ile upepo hutoka kaskazini-magharibi na kuipiga usoni. Hivyo ndivyo ilivyo kwa fukwe nyingi za Shelisheli: kila moja ina nusu ya mwaka ya kuogea na nusu ya kutazamwa.

Na hili ndilo la mtoto kurudi hai. Grand Anse ya La Digue, kisiwa kingine cha Shelisheli, ni miongoni mwa fukwe nzuri nilizowahi kuziona, na kati ya Mei na Oktoba ina mkondo unaomvuta mtu nje kimya kimya. Bango lipo. Siku tuliyofika, baba mmoja alikuwa akimwingiza mwanawe majini hadi kiunoni, mgongo wake umeelekea bango. Dada alikwenda akamshika mkono, akamwonyesha. Yule bwana akamtoa mtoto. Ukivutwa na mkondo kama ule usipigane nao kurudi moja kwa moja; ogelea ukiambaa na ufukwe mpaka uuache, ndipo urudi. Na pasipo na mlinzi wa kuogelea, ambapo ni pengi, usiingie mahali ambapo hukuwaona wenyeji wakioga.

Siku ya sita tulipanda basi kutoka Beau Vallon hadi Victoria, tukabadili, tukafuata pwani ya mashariki kuelekea Anse Royale. Asubuhi tuliiacha bahari imelala kama maziwa bakulini. Upande wa pili tulipoteremka, kofia ya mdogo wangu iliruka hapo hapo kituoni, maji yalikuwa na rangi ya mwani, na majani ya bahari yamerundikana ufukweni hadi magotini. Binti yake, sasa ana miaka 8, alisimama akiuelekezea uso upepo, nywele zote nyuma.

"Shangazi, upepo huu unakwenda wapi?"

"Salalah, mwanangu," dada akamjibu. "Wanausubiri."